Kura ya Watoto wa Murukoma

Adventina Nyandwi alizaliwa juma la kwanza la Majilio. Wazazi wake, watu wa jembe wasiopenda kupoteza muda, walitazama kalenda ya parokia wakachukua jina lililokuwa karibu. Dada yake, aliyezaliwa Jumatano ya Majivu, alinusurika.

Alikulia Murukoma, kitongoji cha migomba na kahawa katika kata ya Murukulazo, wilayani Ngara. Jina la kata hiyo linahitaji uangalifu, maana ndani yake R na L zimekaa jirani, na Wahangaza, wenyeji wa huko, hawajawahi kuona sababu ya kuwatenganisha majirani. Wengine husema Murukurazo, wengine Mulukulazo, na wazee wachache wanaopenda haki kwa pande zote husema Mulukurazo. Hakuna aliyewahi kupotea njia kwa ajili hiyo. Gari linalotoka Kabanga mpakani humshusha kila mtu palepale.

Shule ilikuwa ng'ambo ya bonde, na bondeni kulikuwa na kijito ambacho kiangazi mbuzi alikiruka na masika kilimbeba mbuzi huyohuyo. Mama yake Adventina alipima kina cha kijito na urefu wa binti, akaamua kwamba binti asubiri arefuke. Akasubiri. Alianza darasa la kwanza akiwa na miaka tisa, mrefu kuliko ubao, na Kiswahili alichokuwa amekisikia kanisani na kwa wauza nguo tu. Mwalimu alikuwa mkali na watoto walikuwa wengi. Kwa muda mrefu Adventina aliamini kwamba "kaa kimya" ndilo jina lake la shuleni, na akashangaa kukuta wenzake wengi wanalo.

Alimaliza la saba, akaenda sekondari ya kata, akapata kidato cha nne matokeo ambayo ukoo ulikubaliana kutoyazungumza. Akaolewa na Danstan, mtu mpole anayepeleka ndizi Kabanga na kurudi na habari za Burundi. Wakalima, wakazaa. Maisha yangeweza kuendelea hivyo, na yangekuwa maisha mazuri tu, ila serikali ilikuwa na mpango.

Watu wa Murukoma wameiona mipango. Mpango huja ndani ya gari jeupe, hupigwa picha, hula chakula cha mchana kisha huondoka. Huu nao ulikuja ndani ya gari jeupe, lakini ukabaki, na hapo ndipo watu walipoanza kuushuku. Ulisema kwamba nchi nzima, mtoto mdogo asianze darasa la kwanza kama mtu aliyeamshwa usingizini. Aandaliwe kwanza. Acheze, aimbe, asikilize hadithi, ashike penseli, azoee Kiswahili, ajue kwamba mwalimu si mgambo. Na pale ambapo shule iko mbali, kianzishwe kituo shikizi hukohuko kitongojini, na wanakijiji wachague mtu wao mwenye kidato cha nne na subira awalee watoto hao. Wenye kidato cha nne walikuwapo kadhaa. Mwenye subira alipatikana mmoja.

Adventina alipelekwa Ngara mjini kwenye mafunzo. Mkufunzi alikuwa Mwalimu Consolatha, mwanamke mfupi wa Nyarubungo, Biharamulo, anayefanya kazi idara ya elimu na kusafiri kwa pikipiki akiwa na kofia ngumu nyekundu ambayo watoto wa vijijini waliitambua toka mbali kuliko bendera. Consolatha aliwafundisha kwamba mtoto hachapwi ili ajue rangi. Kwamba kizibo cha soda ni hesabu, gunzi ni mwanasesere, boksi la sabuni ni nyumba. Kwamba darasa liwe na kona: kona ya hadithi, kona ya nyumbani, kona ya duka. Adventina aliandika yote hayo kama mtu anayeandikiwa dawa, akarudi nyumbani akamwambia Danstan kwamba kumbe shule inaweza kuwa namna hiyo. Danstan alisema vizuri, akauliza kama kuna chakula.

Kituo kilifunguliwa ndani ya kigango, kanisa dogo la kitongoji. Katekista Xavery alilitoa kwa siku za kazi kwa sharti kwamba watoto wasiguse altare. Hawakuigusa. Kona ya duka tu ndiyo iliyokaa karibu nayo kidogo, na kwa kuwa wateja wake walikuwa wajukuu wa watu wa mpakani, haikuchukua muda duka likaacha kuuza kitu chochote na kugeuka mahali pa kubadilishia faranga. Ishimwe, binti wa Speciosa, akiwa na miaka mitano, alikuwa akitoa vizibo vya Fanta kwa vizibo vya Pepsi kwa kiwango alichokipanga mwenyewe kila asubuhi. Katekista alikumbuka kwamba Injili ina maoni kuhusu jambo hilo, lakini aliona watoto wanahesabu bila kukosea, akaliacha duka liendelee.

Mtu akitaka kuisifu serikali huona haya kidogo, kama anayemsifu mkwewe hadharani. Lakini ukweli ni huu: watoto wa Murukoma walianza kuingia darasa la kwanza wakijua kusema "naomba ruhusa", wakijua penseli hushikwa wapi, na hakuna aliyejificha chini ya dawati. Wakubwa wao waliwavusha kijito, maana kufikia hapo wadogo walikuwa na urefu na, muhimu zaidi, walikuwa na hamu. Adventina naye alipata tabia iliyowachosha majirani, nayo ni kushukuru. Alimshukuru Mungu, mpango, Consolatha, katekista, mvua isiyonyesha saa za masomo, na chaki. Alikuwa akisema "asante" mpaka aliyetoa kitu akaona kama kitu chenyewe kilikuwa kidogo.

Ndipo habari ikaja toka wilayani. Vituo vyote vitapitiwa. Kituo ambacho wazazi wake wamekubaliana kuwapa watoto uji na kuchimba choo kitaendelea, na kitaingizwa kwenye orodha ya kujengewa. Ambacho hawajakubaliana kitafungwa, na watoto watahamishiwa shule mama. Shule mama ilikuwa ileile ya ng'ambo ya bonde. Adventina hakuhitaji kuelezwa maana yake. Maana yake ni mama mmoja baada ya mwingine kupima mtoto na kijito, na Ishimwe kukaa nyumbani akisubiri kurefuka.

Tatizo lilikuwa mkutano. Adventina alikuwa ameshaitisha mikutano ya uji, na waliokuja ni kina mama. Kina mama walikubali kila kitu, lakini funguo za ghala la mahindi hazikuwa kwao. Wenye funguo walituma salamu. Mwenyekiti wa kitongoji, Sostenes, alituma salamu nzuri zaidi kuliko wote. Sasa Consolatha alikuwa amesema atakuja Jumapili ya juma lililofuata, aone mkutano kwa macho yake, na asipoona wazazi ataandika kwamba hakuwaona.

Adventina alichukua ubavu wa boksi na kalamu ya wino mzito, akaandika tangazo. Jambo lenyewe watu walikuwa wakiliita "kula ya watoto". Kwa Kihangaza kula ni kurya, na R imekaa hapo tangu mababu, haijawahi kulipishwa kodi. Kwa hiyo Adventina aliandika kama moyo ulivyomtuma:

JUMAPILI IJAYO BAADA YA IBADA, HAPA KIGANGONI: KURA YA WATOTO. WAZAZI WOTE MFIKE. MGENI ATATOKA WIRAYANI.

Katekista Xavery alilisoma mwisho wa ibada, kwa sauti ileile anayosomea matangazo ya ndoa. Kisha akalitundika mlangoni.

Murukoma wanajua kupiga kura. Hata kabla ya chakula cha mchana kulikuwa na maelezo mawili. La kwanza lilisema kwamba nafasi za shule zimepungua, hivyo watoto watapigiwa kura, na atakayeshindwa atabaki kuchunga mbuzi. La pili, ambalo ndilo lililopendwa, lilisema kwamba wilaya imechoka na Sostenes, inakuja kurudia uchaguzi wa mwenyekiti, na "ya watoto" ni fumbo tu, maana anatafutwa kiongozi anayejali watoto.

Sostenes alilipata la pili. Mwenyekiti anayesikia kwenye kilabu cha pombe ya ndizi kwamba kuna kura ambayo yeye hakuambiwa hupata fikra nyingi kwa haraka. Hakumuuliza Adventina, kwa sababu kuuliza ni kuonyesha hujui. Jumatatu alionekana akitembelea kaya ambazo hakuwa amezikanyaga tangu achaguliwe. Aliuliza afya za watoto kwa majina, akakosea machache. Akaahidi kwamba yeye binafsi atatoa gunia la mahindi kwa ajili ya watoto wa kituo. Erasmus, mnunuzi wa kahawa aliyeshindwa na Sostenes kwenye uchaguzi na ambaye kushindwa huko hakukumkaa vizuri tumboni, alisikia habari ya gunia. Akaahidi sukari ya kuanzia, pamoja na mbao na bati za choo. Sostenes akaongeza maharage. Adventina, aliyekuwa akisikia ahadi hizo kila jioni toka kwa kina mama, alilia kwa furaha na kumwambia Danstan kwamba Mungu amegusa mioyo ya wanaume. Danstan alisema labda.

Jumapili kigango hakikutosha. Wanaume walijaa mpaka nje, wameoga. Mzee Hategekimana, ambaye tangu uhuru wa kuchagua uanze hajawahi kukosa kura hata akiwa na malaria, alikuja amevaa koti la harusi ya mwanawe, na kadi yake ya mpiga kura ameifunga kwenye nailoni asiichafue. Consolatha alifika na pikipiki, akavua kofia, akautazama umati, akamuuliza Adventina kwa sauti ya chini amefanyaje. Adventina alimjibu kwamba ni neema.

Aliposimama, alianza na shukrani, na shukrani zilichukua muda wake. Kisha akasema kwamba siku hiyo wameitana kwa jambo moja, kura ya watoto, na akaanza kueleza unga kiasi gani utatosha kwa juma. Mzee Hategekimana akanyanyuka.

"Mwalimu," alisema, "hayo ya unga tumeyasikia. Sanduku liko wapi?"

"Sanduku lipi, mzee wangu?"

"La kura."

"Hatuna sanduku, mzee. Ya kura tunatumia sufuria."

Mzee aligeuka akawatazama wenzake kuona kama utaratibu umebadilika. Nyuma mtu alisema kwamba mwaka huu wameamua kuiba waziwazi. Consolatha alitembea hadi mlangoni, akasoma boksi kutoka mwanzo hadi mwisho, akasimama pale muda kidogo akiwa amewapa watu mgongo, mabega yakimtikisika. Aliporudi uso wake ulikuwa wa kiserikali. Aliwaeleza wananchi kwamba hakuna uchaguzi. Mwalimu alikusudia chakula.

Kicheko kilianza kwa kina mama kikasambaa, lakini hakikufika kwa wanaume wenye makoti. Wapo waliokwisha kusimama kuondoka. Sostenes kwanza alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo, kisha akakumbuka gunia, na uso ukabadilika. Akasema, kwa sauti ya kufunga mkutano:

"Ndugu zangu, mmeona wenyewe. Mwalimu hajui kura na kula. Huyo ndiye anawafundisha watoto wetu herufi? Afisa, andika hilo."

Hakuna aliyecheka. Lilikuwa neno baya na lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilikaa. Adventina aliangalia chini, kisha akaangalia watu.

"Mwenyekiti amesema kweli," alisema. "R na L mimi masikio yangu hayazipokei. Nikiletewa wa kunirithi nitamshukuru, na funguo nitampa leo. Ila kituo kisifungwe. Mimi nilianza shule nina miaka tisa kwa sababu ya maji yale ya bondeni. Mnijue hivi mnavyonijua, lakini msiwarudishe hawa huko."

Kisha akaketi.

Mzee Hategekimana alikuwa bado amesimama. Aliifungua nailoni, akaitazama kadi, akaifunga tena.

"Mimi nimevaa koti," alisema. "Sirudi nyumbani bila kupiga kura. Afisa, tupigishe."

"Tupige ya nini, mzee?" Consolatha aliuliza.

"Ya kula."

Hapo hata wenye makoti walishindwa kujizuia, wakacheka. Watu waliokuwa wamesimama kuondoka waliketi, kwa sababu ni vigumu kumwacha mzee akipiga kura peke yake. Speciosa, mama yake Ishimwe, ambaye ulimi wake unajulikana hadi Kabanga, alimwuliza Sostenes kwa adabu kubwa: lile gunia la wiki hii, mwenyekiti, lilikuwa la kura au la kula? Maana wao akina mama walikwisha kulitolea sala ya shukrani, na hawajui sala hurudishwaje.

Sostenes alitazama kushoto, akamwona Erasmus naye akitazama kushoto. "Gunia ni gunia," alisema hatimaye. Erasmus akasema mbao zake zilikuwa zimeshapasuliwa, jambo ambalo fundi seremala alilisikia hapo kwa mara ya kwanza. Mikono ilinyooshwa. Uji ulipita. Choo kilipita. Kila kaya itatoa unga kwa zamu, na wenye funguo za ghala waliapa mbele ya wake zao, kiapo ambacho ni kigumu kuliko cha mahakama.

Lilibaki la mwalimu. Consolatha hakulikwepa. Aliwaambia kwamba asingeweza kuandika kuwa jambo hilo ni dogo, kwa sababu mtoto akiandika kura penye kula hupata mkasi, ile alama ya kosa, na mkasi hauulizi lugha ya nyumbani. Lakini yeye pia kwao Nyarubungo wanaongea Kisubi, na alipofika chuo cha ualimu alimwomba mkuu wa chuo "luhusa" mwaka mzima, na mkuu yule, Mungu amweke pema, alimpa ruhusa kila mara na somo juu yake. "Nililipwa subira," alisema. "Siwezi kukataa kuilipa. Nitakuja hapa mpaka muhula uishe. Ikishindikana nitaandika imeshindikana, na nitaandika kwa jina langu."

Akaja. Pikipiki ilipanda Murukoma hata siku ambazo barabara ilikuwa tope. Consolatha alimfundisha Adventina mbele ya watoto, kwa sababu Adventina mwenyewe aliomba iwe hivyo. Alimwambia R ni mgeni mwenye haraka: ulimi unabisha hodi nyuma ya meno na kuondoka. L ni mgeni aliyekuja kukaa: ulimi unaegemea palepale, na sauti inapita pembeni kama watu wanaompisha. Ukiweza kuikalisha mpaka pumzi iishe, hiyo ni L. Watoto waliipenda. Kigango kizima kilijaa wageni wa kukaa, llllll, mpaka katekista akaja kutazama kama kuna nyuki. Watoto walishika upesi, wakaanza kumsahihisha mwalimu wao. Kila alipokosolewa Adventina aliacha somo na kumshukuru aliyemkosoa kwa jina, hivyo masomo yakawa yanachelewa kuisha, lakini hakuna mtoto aliyelalamika, kwani kila mmoja alikuwa akisubiri kosa lake la kushukuriwa.

Na uji ulipikwa. Mahindi ya Sostenes yaliletwa na Sostenes mwenyewe, mchana kweupe, kwa njia ndefu inayopita mbele ya kila nyumba. Choo cha Erasmus kilisimama, bati likimeremeta kuliko la kigango. Wote wawili walianza kupitia kituoni mara kwa mara kuangalia michango yao inavyotumika, na kwa kuwa walikuwapo, walipewa kikombe, na kwa kuwa walipewa kikombe, walijikuta wakisikiliza hadithi ya sungura hadi mwisho. Mtu akiwaona wamekaa kwenye benchi la watoto, magoti masikioni, asingejua ni mahasimu.

Siku ya mwisho ya muhula Consolatha alikaa nyuma akawasikiliza watoto. Ishimwe alisoma kadi: kalamu, limau, redio, mlango, barua. Mwingine alisoma kula, akasoma kura, na akaeleza kwamba ya kwanza ni ya mdomo na ya pili ni ya babu Hategekimana. Kisha Consolatha akampa Adventina ukurasa wa hadithi asome kwa sauti. Alisoma polepole, kama mtu anayevuka kwa kukanyaga mawe. Aliteleza mahali fulani, akasimama, akarudi, akaikalisha L mpaka ikakaa. Watoto walishika pumzi pamoja naye. Alipofika mwisho jasho lilikuwa linamtoka.

Consolatha aliandika hapohapo, juu ya goti, kisha akamsomea: kituo kinaendelea, mwalimu anaendelea, choo kipate mlango wa kufungwa kwa ndani.

Adventina alimsindikiza hadi kwenye pikipiki. Alikuwa amemwandalia mkungu wa ndizi, na Consolatha alieleza kwamba kanuni za utumishi haziruhusu zawadi, na Adventina alieleza kwamba ndizi si zawadi, ni ndizi. Mkungu ulifungwa nyuma ya kiti. Watoto walikuwa wamejipanga ukingoni mwa njia. Adventina aliona kwamba asante zake zote amekwisha kuzitumia kwenye mambo madogo, na kwa hili hana iliyobaki ya kutosha. Akatafuta nyingine. Akaukunja ulimi, akauweka mahali pake, akauegemeza.

"Mungu akulinde, mwalimu," alisema. "Akulllinde."

Ilikuwa L safi, ya kukaa, na yeye mwenyewe aliisikia. Uso wake ulimeta. Na kwa furaha ya kuipata, akaongeza:

"Kwa heli."

Consolatha, ambaye kofia alikuwa amekwisha kuivaa, alidai baadaye kwamba hakusikia kitu.